Sikukuu za Torati na watu wa ziwa

Mwezi ukiwa mpevu, mwalo wa Igombe, Mwanza, hulala mapema. Mitumbwi ya dagaa imevutwa mchangani, nyavu zimetandazwa zikauke, na wanaume waliozoea kukesha majini wamekaa chini wakishona matundu kwa uzi na sindano ya mti. Dagaa hufuata taa, na taa ya mvuvi haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo kila mwezi, kwa siku kadhaa, pengine hata kumi, wavuvi wa dagaa wa ukanda huu hawaingii ziwani. Giza likirudi, kazi inarudi, na usiku ukisimama ufukweni unaona taa zao kwa mbali kama mji.

Kalenda hiyo ya mwezi, inayompangia mvuvi wa Igombe siku ya kazi na siku ya kupumzika, ina ndugu yake mkubwa katika Torati. Pasaka ya Wayahudi huanza usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa Nisani. Sikukuu ya Vibanda huanza tarehe 15 ya mwezi wa Tishri. Miezi hiyo huhesabiwa tangu mwandamo, kwa hiyo tarehe 15 ni mbalamwezi. Tuseme basi kwamba usiku ambao Wayahudi duniani kote wanakaa mezani kula mkate usiotiwa chachu, mitumbwi ya dagaa ya Mwanza iko nchi kavu, kila mwaka.

Zamani, kabla kalenda haijawekwa kwa hesabu, mashahidi walioona mwandamo walikwenda mbele ya baraza la wazee Yerusalemu kutoa ushahidi, kisha mioto ikakokwa vilimani ili habari ifike mbali. Waislamu wa Mwanza wanaosubiri mwandamo wa Ramadhani wanaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba Wayahudi huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19, ili Pasaka isihame majira yake. Kwetu inaangukia Machi au Aprili, mvua za masika zikiwa zimekolea.

Nimeanza na mwezi kwa sababu unasaidia kueleza jambo ninaloliamini kwa moyo wote. Sikukuu za Torati hazikuwekwa ili zisomwe na kusifiwa. Kila moja ni kazi ya kutendwa siku fulani, kwa mikono, na watu wa nyumbani wakishiriki: kula hiki, kuacha kile, kufunga biashara, kujenga kibanda, kumwomba mtu radhi, kumsimulia mtoto. Maana yake humjia mtu akiwa tayari kazini. Anayeingoja aielewe kwanza ndipo atende atangoja sana.

Watu wa Mbale

Ushahidi wa karibu wa maneno haya uko kaskazini ya ziwa. Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma unafika Sirari, unavuka kwenda Kisumu, Busia na Tororo, mpaka Mbale, chini ya Mlima Elgon. Nje kidogo ya mji huo kuna kilima cha Nabugoye, na juu yake sinagogi. Wanaosali humo huitwa Abayudaya. Ni Waafrika wa Uganda, wakulima wa kahawa, ndizi na mahindi, na leo wanakadiriwa kuwa 2,000 hivi.

Hawakuletewa dini hiyo na mmisionari. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda, kisha akaona cheo alichokitarajia hakiji. Alijitenga nao, akajiunga na dhehebu la Bamalaki, akazama katika Biblia ya Kiganda. Kadiri alivyosoma vitabu vya Musa ndivyo alivyoona kwamba amri zile zinasubiri mtu wa kuzitenda. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe. Husimuliwa kwamba wenzake walipompinga wakisema tohara ni ya Wayahudi, alijibu kwamba basi wao ni Wayahudi.

Hakuwa na mwalimu. Mwaka 1920 akaja Mbale mfanyabiashara Myahudi anayekumbukwa kwa jina la Yusufu, akakaa nao kama miezi sita, akawafundisha kalenda, sikukuu, sala na namna ya kuchinja. Kisha akaenda zake. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na jamii ile ikabaki na kitabu, kalenda, na mazoea ya kila juma. Hayo ndiyo yaliyowafikisha walipo. Vijana wao walikuja kupata elimu kubwa: Gershom Sizomu alisomea Los Angeles, akawekwa kuwa rabi mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Lakini miaka mingi kabla ya hapo, walioshikilia imani hiyo walikuwa wakulima waliojua tu kwamba Ijumaa jioni moto wa jikoni hauwashwi tena.

Ijumaa jioni

Mwanza hatuna sinagogi la kujulikana, lakini tunaijua Ijumaa jioni. Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoingia nchini mwaka 1903 kupitia Upareni na miaka michache baadaye likafika pande za ziwa, limetuzoesha majirani wanaofunga kazi jua likizama Ijumaa na kuifungua tena jua likizama Jumamosi. Hao ni Wakristo, na hawashiki sikukuu za Walawi kama Wayahudi wanavyozishika. Ila Sabato wanaishika, na vyakula vya Walawi 11 pia.

Ukitaka kuona, nenda soko la Mwaloni Kirumba Ijumaa alasiri, ukae karibu na meza ya mama Msabato. Kwenye meza kuna sato, kuna minofu ya sangara, pembeni kuna dagaa wa kupima kwa sado. Kambale hayupo. Torati imeruhusu samaki mwenye mapezi na magamba, na kambale hana magamba. Myahudi wa Nabugoye naye angenunua sato kwenye meza hiyo. Saa kumi na moja mama anaanza kukunja turubai.

"Shikamoo mama. Kesho nitakukuta?"

"Marahaba mwanangu. Kesho Sabato. Chukua leo nikupunguzie, au njoo Jumapili."

Jumamosi ni siku ya mauzo makubwa. Wafanyakazi wa maofisini wanakuja sokoni, wenye sherehe wanatafuta samaki wa wageni. Anayefunga siku hiyo anaacha fedha mezani, na watoto wake wanaiona fedha hiyo ikiachwa. Hapo ndipo Sabato inapomfundisha mtu: kuna kitu nyumbani kwake ambacho hakiuzwi kwa bei yoyote. Hotuba haiwezi kumwambia mtoto jambo hilo kwa nguvu kama meza tupu ya mama yake Jumamosi asubuhi.

Kuna upande wa pili, na kwangu ndio mzito zaidi. Amri ya Sabato haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni anayekaa nawe. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kinatoa na sababu: nanyi mlikuwa watumwa Misri. Mtu aliyewahi kunyimwa mapumziko hana ruhusa ya kumnyima mwenzake. Sasa tazama mji wetu. Dada wa kazi anayeamka saa kumi usiku siku saba za juma. Mlinzi ambaye zamu yake haina mbadala. Mbebaji wa magunia pale mwaloni ambaye siku ya kuugua ndiyo siku pekee ya kulala. Mwajiri anaweza kwenda ibadani siku yoyote anayotaka, iwe Ijumaa, Jumamosi au Jumapili. Lakini kama pumziko lake limebebwa na msichana anayeosha vyombo mpaka usiku wa manane, kipimo cha Torati kinamwona hajapumzika bado.

Hata ardhi ina Sabato yake. Kila mwaka wa saba shamba liachwe, na kinachoota chenyewe kiwe cha maskini na cha wanyama wa porini. Watanzania waliona jambo la namna hiyo katikati ya mwaka 2024, Serikali iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Katika ziwa letu dagaa wanapumzishwa na mbalamwezi. Sangara hana bahati hiyo. Nyavu na ndoano zinamfuata giza kwa mwanga. Mafundisho ya mwaka wa saba yanauliza swali ambalo kila mwenye mtumbwi anapaswa kujiuliza: kama hakuna siku ninayokiacha kiumbe hiki kipumue, nitamwachia nini mwanangu?

Mizani, ujira na kuomba radhi

Wengi wetu tumekariri kutoka Walawi 19 amri ya kumpenda jirani. Lakini sura hiyo hiyo inasema pembe za shamba zisivunwe, ziachiwe maskini na mgeni. Inasema mizani iwe ya haki na vipimo viwe vya kweli. Inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Upendo wa jirani umewekwa katikati ya mambo ya shamba, mizani na malipo ya jioni, kana kwamba mwandishi hakutaka mtu yeyote aupandishe mawinguni.

Mtu wa kanda ya ziwa akisoma sura hiyo atakutana na mambo anayoyajua. Lumbesa tunaijua: gunia linashonewa kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja. Ndoo iliyobonyezwa tako ili ichukue kidogo tunaijua. Mizani iliyowekewa kitu chini tunaijua. Kibarua aliyeanika dagaa juu ya chanja tangu alfajiri, kisha akaambiwa njoo kesho, na kesho akaambiwa tajiri kasafiri, huyo tunamjua kwa sura.

Torati imeyatengea mambo haya siku yake ya hesabu, nayo ni Siku ya Upatanisho, tarehe 10 ya Tishri. Wayahudi hufunga kula na kunywa tangu kabla ya jua kuzama mpaka usiku wa pili, na kushinda katika sala. Lakini walimu wao wa kale waliweka kanuni ambayo ningetamani iandikwe kwenye mlango wa kila nyumba ya ibada Mwanza. Makosa kati ya mtu na Mungu, siku hiyo inayapatanisha. Makosa kati ya mtu na mtu, siku hiyo haiyapatanishi mpaka mkosaji amwendee aliyemkosea na kumridhisha. Ndiyo maana siku zinazotangulia mfungo huo watu hutembeleana, hupigiana simu, hulipana madeni. Maimonides, mwanasheria wao mkubwa wa karne ya 12, alifundisha kwamba asiyesamehewa mara ya kwanza arudi tena, na tena, akiwa na watu wa kumwombea.

Nimekaa na kanuni hii kwa muda mrefu, na imenibadilisha. Ni rahisi kulia kanisani. Ni rahisi kupiga magoti msikitini. Kazi ngumu ni kuvuka barabara, kumkuta mtu aliyekaa kwenye kibanda chake cha chipsi, na kumwambia: ndugu yangu, zile fedha nilikudhulumu, hizi hapa. Sala bila hatua hiyo, kwa mafundisho haya, haijafika mwisho wake. Na aliyedhulumiwa naye anapewa heshima yake: msamaha uko mikononi mwake, wala hakuna mtu wa kuutoa kwa niaba yake, hata awe kuhani.

Wiki moja kibandani

Siku tano baada ya mfungo huo inaingia Sikukuu ya Vibanda. Familia inajenga kibanda nje ya nyumba na kukiezeka kwa matawi, ezeko jepesi ambalo desturi inataka nyota zionekane katikati yake. Kwa siku saba wanakula humo, na wengine hulala humo. Ni kumbukumbu ya miaka 40 jangwani, lakini pia ni sikukuu ya mavuno. Mtu anatoka kwenye nyumba ya bati na matofali wakati ghala limejaa, ndipo anapoambiwa: kaa hapa wiki moja, ujue ulikotoka.

Waliokaa kambi za uvuvi visiwani, Ukerewe na Ukara na vingine vidogo zaidi, hawahitaji maelezo marefu. Wanajua kulala chini ya nyasi na karatasi la nailoni, upepo ukiingia pande zote, na jirani ambaye ukuta wake unausikia ukitikisika. Wanajua pia kwamba katika kambi hizo hakuna anayekula peke yake. Torati inasisitiza hilo: katika furaha ya sikukuu wawepo mtumwa, mgeni, yatima na mjane. Desturi ya Kiyahudi imeongeza wageni wa heshima, Ibrahimu na wazee wenzake, wanaokaribishwa kibandani kila usiku kwa majina. Na walimu wao wameonya kwamba anayefunga mlango wake kwa maskini ameifurahia sikukuu kwa tumbo lake tu.

Sikukuu hiyo inaangukia Septemba au Oktoba, na ikimalizika tu Wayahudi huanza kuombea mvua. Torati inaeleza kwamba nchi ya ahadi si kama Misri, ambako mkulima alichota maji ya mto na kumwagilia kwa nguvu zake. Ni nchi inayokunywa mvua ya mbinguni. Maana yake kila mwaka ni swali jipya. Mkulima wa Misungwi au Magu, aliyekwisha andaa shamba na anatazama juu akisubiri vuli, anaishi swali hilo majira hayo hayo. Kwake sala ya mvua ni sala ya chakula cha watoto, naye anaisali pamoja na watu wa Mbale na wa Yerusalemu, kila mmoja kwa lugha yake.

Pasaka ya 1979

Nimeiacha Pasaka mwisho kwa sababu ndiyo inayotugusa sisi wenyewe, na wachache wanalijua hilo.

Mto Naili, ambao mtoto Musa alifichwa kwenye majani ya kingo zake, unatoka katika ziwa hili pale Jinja. John Hanning Speke alipoliona ziwa kutoka Mwanza mwaka 1858, ndicho alichodai kukigundua: chanzo cha mto wa Farao. Miaka 120 baadaye, kwenye kingo za ziwa hilo hilo, alikuwapo mtawala mwingine aliyewakataza watu wasimwabudu Mungu wao. Wakati wa Idi Amin dini ya Abayudaya ilipigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa, vitabu vilifichwa, wengi wakahamia dini nyingine kwa hofu. Waliobaki, mamia machache, walisali gizani, ndani ya nyumba na chini ya migomba.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Vita ilifika hata Mwanza: mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ililenga mji wetu, ikakosa, na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama. Wiki mbili baadaye, Jumatano tarehe 11 Aprili, Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala. Jua lilipozama siku hiyo, Pasaka ya Wayahudi ikaingia.

Abayudaya hawakulisahau jambo hilo. Kwao kutoka Misri ni habari ya Musa, na pia ni habari ya Aprili 1979. Mafundisho ya Pasaka yanataka hivyo hasa: katika kila kizazi mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe alitoka utumwani. Usiku huo mtoto mdogo kuliko wote mezani anauliza kwa nini usiku huu si kama mwingine, na wakubwa hawaanzi mlo kabla ya kumjibu. Wanamwonjesha mboga chungu ajue uchungu wa utumwa, na maji ya chumvi ajue machozi. Wanapotaja mapigo kumi ya Misri, kila mmoja hutoa matone ya divai kwenye kikombe chake, kwa kuwa furaha ya ukombozi haiwezi kujaa wakati watu wengine wamekufa.

Watu wa Mbale wamekwenda mbali zaidi na somo hilo. Mwaka 2004 J. J. Keki, mkulima kati yao, aliwaunganisha Wayahudi, Waislamu na Wakristo katika ushirika mmoja wa kahawa, Mirembe Kawomera. Jamii iliyoteswa kwa ajili ya dini yake ilichagua kuuza kahawa pamoja na majirani wa dini zote. Hivyo ndivyo mtu anavyotoka Misri kweli kweli: anaiacha Misri nyuma, haibebi mgongoni akawatwishe wengine.

Na sisi je? Si lazima mtu wa Mwanza awe Myahudi ili afundishwe na Pasaka, wala si vizuri kuchukua ibada ya watu wengine kama nguo ya kuazima. Lakini amri ya kumsimulia mtoto inatuhusu kwa haki yetu. Vijana waliovuka Kagera na bunduki mabegani wakiwa na miaka ishirini, leo ni wazee wenye wajukuu. Wako Nyakato, wako Buhongwa, wako Musoma na Bukoba. Wengi hawajawahi kuulizwa na watoto wao waliona nini, walimpoteza nani, na walipokewaje na watu wa Kampala siku ile. Hawajui pia kwamba kwenye kilima kimoja cha Mbale kuna watu wanaoikumbuka siku hiyo kila Pasaka inapoingia.

Pasaka ijayo, iwe ya Kiyahudi au ya Kikristo, mkiwa mmekaa kula, mwanao mdogo amuulize babu yake habari hiyo. Wengine nyamazeni mpaka amalize kujibu.